Tangazo la Chanjo Nalo Ni Kazi ya Kiswahili

Kinga ni bora kuliko tiba, ndivyo wasemavyo wahenga, na ni nadra kupata zahanati isiyokuwa na usemi huu ukutani. Hata hivyo, kinga nayo ina mlango wake, na mlango huo ni lugha. Kila mwaka hospitali nyingi za vyuo vikuu ulimwenguni huwapa wafanyakazi wake chanjo ya homa ya mafua. Habari za chanjo hiyo huwafikia kwa tangazo: itatolewa lini, wapi, kwa nani na kwa sababu gani. Katika vyuo vyetu nchini Kenya, matangazo ya wafanyakazi aghalabu huandikwa kwa Kiingereza pekee. Dai la makala haya ni kwamba tangazo kama hilo ni sehemu ya kinga yenyewe, na kwamba sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tuna wajibu wa kuliandika.

Kwanza, tuutazame ugonjwa wenyewe, maana wengi huudharau. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba homa ya mafua huwafanya watu kati ya milioni 3 na milioni 5 waugue vibaya kila mwaka, na kwamba kati ya watu 290,000 na 650,000 hufariki kutokana na matatizo ya kupumua yanayosababishwa nayo. Mtu huweza kuwaambukiza wenzake siku moja kabla hajajihisi mgonjwa. Hapo ndipo mfanyakazi wa hospitali anapoingia. Anaweza kumpelekea mgonjwa dhaifu maradhi akidhani anampelekea uji tu. Utafiti uliofanywa katika vituo vya kuwatunza wazee kule Scotland, na kuchapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba palipohimizwa wahudumu kuchanjwa, walifariki asilimia 13.6 ya wazee, ilhali kwingineko walifariki asilimia 22.4. Wataalamu wengine wamejadili baadaye uzito wa ushahidi wa aina hiyo, na ni haki yao. Lakini hoja ya msingi ingali palepale: anayemgusa mgonjwa anaweza kumwambukiza.

Je, mfanyakazi wa hospitali ni nani? Tukisikia neno hili tunamfikiria daktari na muuguzi. Tunamsahau mpishi, mfagiaji, dereva, bawabu na mfuaji wa mashuka. Historia ya chanjo haikumsahau mpishi. Mtu wa mwisho ulimwenguni kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca nchini Somalia, mnamo Oktoba 1977. Aliwahi kueleza kwamba alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Alipona, na baadaye akawa miongoni mwa waliozunguka wakiwashawishi wazazi wawapeleke watoto wao kupata chanjo ya polio, hadi alipofariki mwaka 2013. Ugonjwa uliokuwa umefukuzwa katika mabara mengine yote ulipata upenyo wake wa mwisho wa kawaida kwa mtu wa jikoni. Basi tangazo lisilomlenga mpishi halijakamilika, hata likiwa limesomwa na maprofesa wote.

Hapa ndipo linapozuka suala la istilahi. Wakenya wengi wakisema "nina homa" wanamaanisha kwamba wanapiga chafya na kamasi zinawatiririka. Katika Kiswahili sanifu, na kwa wasemaji wengi wa pwani na Tanzania, homa ni joto la mwili lililopanda, na mafua ndiyo ya chafya na kamasi. Sasa mtu akisoma "chanjo ya homa", ataelewa nini? Mmoja atadhani ni kinga ya malaria. Mwingine atadhani ni ya mafua madogo yaondokayo kwa chai ya tangawizi, na atauliza, kwa haki kabisa, kwa nini adungwe sindano kwa jambo dogo namna hiyo. Pendekezo langu ni kwamba tulitumie jina "homa ya mafua" kwa ugonjwa huu mkali, na kuliacha neno "mafua" kwa ule mdogo. Jina hilo si geni masikioni, na linabeba dalili zote mbili: joto la mwili na mafua.

Jina la ugonjwa si jambo la mapambo. Mwaka 2009, aina mpya ya homa ya mafua iliitwa homa ya nguruwe, nasi tukalipokea jina hilo jinsi lilivyokuja. Nchini Misri, serikali iliamuru nguruwe wapatao 300,000 wachinjwe, ilhali ugonjwa ulikuwa ukienezwa na binadamu kwa binadamu. Mnamo 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuepuka majina ya magonjwa yanayotaja wanyama, mahali au watu. Waama, mwenye kutafsiri jina la ugonjwa ameshika kitu kinachoweza kuharibu riziki ya mtu.

Neno "chanjo" nalo lina historia yake. Kuchanja ni kukata ngozi, kama wafanyavyo waganga wanapochanja chale na kupaka dawa. Huenda msikilizaji akasikia ndani yake hofu ya kutiwa ugonjwa mwilini. Tangazo zuri halina budi kuijibu hofu hiyo waziwazi badala ya kuipuuza. Naomba kutoa mfano wa maneno yanayoweza kubandikwa mlangoni pa jikoni na penye lango kuu:

"Ndugu mfanyakazi, chanjo ya homa ya mafua itatolewa katika zahanati ya chuo. Homa ya mafua si mafua ya kawaida: huleta joto kali, maumivu ya mwili na uchovu, na huweza kumuua mzee, mtoto mchanga, mja mzito au mwenye ugonjwa wa moyo, pumu au kisukari. Sindano hii haina virusi hai, kwa hiyo haiwezi kukupa ugonjwa huo. Mkono unaweza kuuma, au ukapata joto kidogo kwa siku moja au mbili. Kinga huanza baada ya majuma mawili hivi. Virusi hivi hubadilika, ndiyo maana chanjo hurudiwa kila mwaka. Ukiwa na swali, au ikiwa chanjo yoyote imewahi kukudhuru, mwambie muuguzi kabla ya kuchanjwa."

Hakuna neno hapo linalohitaji kamusi, wala hakuna ukweli wa kitabibu uliotupwa ili kurahisisha lugha.

Najua kuna watakaopinga. Mosi, watasema kwamba kila aajiriwaye chuoni anakijua Kiingereza. Huenda anakijua cha kupokea maagizo. Lakini kuamua iwapo mwili wako udungwe sindano si agizo. Ni ridhaa, na ridhaa huhitaji lugha ambayo mtu anaweza kuulizia maswali bila kuona haya. Isitoshe, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Tangazo la Kiswahili basi si hisani.

Pili, watasema dawa ni amri. Watatoa mfano wa hospitali ya Virginia Mason huko Seattle, Marekani, iliyoifanya chanjo hii kuwa sharti la kazi, ikafikia asilimia 97.6 ya wafanyakazi katika mwaka wa kwanza. Ni kweli, amri hupata mikono mingi. Hata hivyo, mfanyakazi anayerudi nyumbani akiwa ameelewa huenda akawaeleza mkewe, mamake na majirani. Aliyelazimishwa atawasimulia jinsi alivyolazimishwa.

Tatu, watasema kwamba Kiswahili hakina msamiati. Hao wameisahau mapema mno hali ya mwaka 2020. Neno "barakoa", lililojulikana zamani kwa kifuniko cha uso cha wanawake wa pwani na wa Ghuba, liliingia katika kinywa cha kila mtu kwa muda mfupi. Lugha haikukosa neno. Neno lilikuwa likingoja kutumwa.

Lawama zisiwaangukie madaktari peke yao. Sisi tulio katika idara za Kiswahili tumezoea kuhakiki tamathali katika tenzi na kuunda istilahi zinazobaki kwenye tasnifu. Kazi hizo ni za thamani. Lakini umbali kati ya idara yetu na zahanati ya chuo mara nyingi ni mwendo wa dakika chache, nasi hatuendi ila tunapougua.

Napendekeza chama chetu kiunde kamati ndogo ya wanafunzi watano au sita. Kamati iliombe kila tangazo la afya kabla halijabandikwa, iliandike kwa Kiswahili, imsomee mfagiaji na bawabu, na kumwuliza kila mmoja aeleze alichoelewa. Walipokwama, sentensi ibadilishwe. Kisha daktari alipitie ili kuhakikisha kwamba ukweli haukupotoshwa, naye mhadhiri alitazame kwa jicho la lugha. Gharama yake ni karatasi na muda wetu.

Jifya moja haliinjiki chungu. Tabibu anayo dawa, chuo kina ukuta wa kubandika tangazo, na sisi tuna lugha. Chanjo ijayo itakapotangazwa, mpishi wa chuo asilazimike kumwuliza mwanawe aliye shuleni kilichoandikwa mlangoni pake.