Matuta ya Montrose hayajitunzi

ARDHI NA WATU
Na Salma Mwinyimkuu

Ufukwe wa Montrose, kaskazini mwa jiji la Chicago, umetengenezwa na binadamu. Ziwa Michigan lilisukumwa nyuma kwa kifusi, mchanga ukatandazwa, na kwa miaka mingi trekta za mamlaka ya bustani za jiji zilipita kuuchana ili waogaji wakute mahali patupu na safi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 maji ya ziwa yalianza kushuka. Kwenye mchanga uliofunuliwa ikaota mimea ya matuta ambayo hakuna aliyeipanda. Wakazi wachache wenye jicho la mimea waliitambua, wakaomba trekta zisipite hapo, na zikaacha kupita. Mwaka 2005 eneo hilo liliingizwa katika orodha ya jimbo la Illinois ya maeneo ya asili yenye thamani ya kuhifadhiwa.

Mtu anaweza kudhani kwamba baada ya hapo kilichobaki ni kuweka uzio na kwenda zetu. Kumbe hapo ndipo kazi ilipoanza, na wanaoifanya kwa sehemu kubwa ni watu wasiolipwa hata senti. Wiki hii nataka kuwatetea, kwa sababu naona sifa wanazopewa ni nyingi kuliko sauti wanayopewa.

Kwanza tuelewe tuta linavyoishi. Kuna nyasi fulani ambayo hufukiwa na mchanga na isife. Hupanda juu, hutoa mizizi mipya kwenye shina lililofukiwa, na mizizi hiyo huushika mchanga uleule uliotaka kuizika. Upepo unaleta, nyasi inashika, tuta linanyanyuka. Nyuma ya tuta, kwenye bonde dogo, maji ya ardhini huwa karibu na uso, na hapo huota mimea ya majimaji ambayo huwezi kuitarajia katika ufukwe wa jiji lenye watu zaidi ya milioni mbili na nusu.

Mwaka 1899 Henry Cowles wa Chuo Kikuu cha Chicago alichapisha utafiti wake juu ya mimea ya matuta ya Ziwa Michigan, mojawapo ya nguzo za elimu ya ikolojia. Alionyesha kuwa ukitoka ukingoni mwa maji kwenda bara, unapita katika umri wa ardhi: mchanga mtupu, kisha nyasi, kisha vichaka na miti ya mwanzo, na mwisho msitu. Kwenye matuta ya jimbo jirani la Indiana, ambayo tangu 2019 yana hadhi ya hifadhi ya taifa, mfuatano huo una mahali pa kutandaa. Msitu ukishika nyuma, mchanga mpya unaweza kupatikana mbele.

Montrose haina nafasi hiyo. Mbele ni ziwa, nyuma ni majani yaliyokatwa, maegesho na barabara. Miti ikiota haina pa kurudi nyuma, na tuta lenyewe halina pa kusogea. Ukiachwa, mchanga huo utafunikwa hatua kwa hatua na vichaka na miti. Ndiyo maana wanaojitolea huinama kung'oa miche ya miti ya asili, miti isiyo na kosa lolote, pamoja na matete ya kigeni na magugu yaliyotoka Ulaya na Asia. Mpita njia huuliza kwa uchungu: mnatunza mazingira kwa kung'oa miti? Swali lake ni la haki, na jibu lake ni kwamba kazi iliyokuwa ikifanywa na ukubwa wa nchi sasa inafanywa kwa mikono, na haina mwisho. Mbegu hurudi kila mwaka. Nani atang'oa, na ataujuaje mche wa kung'oa na wa kuacha?

Ujuzi huo haupatikani kwenye kijitabu. Hutokana na kurudi mahali palepale msimu baada ya msimu.

Faida yake ilionekana wazi mwaka 2019. Jozi ya vitwitwi, vindege vya rangi ya mchanga mkavu wenye ukanda mweusi shingoni, walitaga Montrose. Wa jamii hii katika Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini walikuwa wamebaki jozi zipatazo 17 walipotangazwa kuwa hatarini katikati ya miaka ya 1980, na Chicago ilikuwa imepitisha zaidi ya nusu karne bila kiota chao. Watu waliwaita Monty na Rose. Kifaranga cha kitwitwi hujitafutia chakula saa chache baada ya kuanguliwa, lakini hukaa wiki tatu au zaidi bila kuweza kuruka. Kwa hiyo wanaojitolea walisimama zamu, wakiwaelekeza wacheza mpira na wenye mbwa. Na wakati huohuo tamasha la muziki la siku mbili lilikuwa limepangwa ufukweni hapo mwezi Agosti.

Tamasha lilifutwa Julai. Nilifurahi, na bado nafurahi. Lakini kilichonikera ni mpangilio wa mambo: tarehe ilishatangazwa na tiketi zilikuwa sokoni wakati wanaoijua ardhi ile kwa hatua za miguu wakihangaika kuokoa walichokilea. Sauti yao ilisikika kwa sababu kulikuwa na vifaranga wa kupigwa picha. Kama kilichokuwa hatarini kingekuwa nyasi tu, nani angesikiliza? Na bila nyasi na mchanga wazi, Monty na Rose wasingetua.

Mwaka 2021 jiji liliongeza zaidi ya ekari tatu kwenye eneo hilo. Mwaka huohuo kicheche alikula mayai ya kwanza ya jozi hiyo, wakataga tena, na miongoni mwa vifaranga akatoka dume aliyepewa jina la Kiswahili, Imani. Monty alikufa ufukweni hapo Mei 2022 kwa maambukizi ya fangasi, na Rose hakurudi. Imani alirudi peke yake, akarudi tena, hadi mwaka 2024 alipopata mwenza na kifaranga wao mmoja akakua hadi kuruka. Mwenza huyo anaitwa Searocket, jina la mmea unaoota Montrose palepale.

Wapo wanaosema ufukwe ni wa watu, na kila uzio unawapunguzia pa kupumzikia. Siwabezi, mwenye nyumba ya vyumba viwili anauhitaji mchanga ule kuliko mwenye kiwanja cha kando ya ziwa. Lakini sehemu kubwa ya Montrose bado ni yao.

Ninachotaka jiji lifanye ni mambo mawili. Kwanza, iwekwe kanuni iliyoandikwa kwamba hakuna tukio, mashine wala uzio utakaoidhinishwa jirani na matuta kabla ya wanaoyatunza kuulizwa, na waulizwe wakati mpango bado unaweza kubadilishwa. Pili, jiji lina wafanyakazi na makandarasi wa maeneo ya asili; litenge posho kwa vijana wa mitaa ya jirani wafanye kazi bega kwa bega na wale waliokuwa hapo tangu mwanzo. Kujitolea asubuhi nzima kunawezekana kwa mwenye nafasi, na kijana anayefanya zamu mbili kwa siku hawezi, hata akipenda. Waanze sasa, wakati walimu wao bado wana nguvu za kuinama.