Mashine ya protini si mwiko, wakubwa!

Jamani wadau, leo naandika na hasira kidogo. Juzi hapa chuo nimemsikia mkubwa mmoja akisema fuwele za molekuli ndogo, hizi tunazozihangaikia kutoka kwenye mizizi na magome ya miti, zisubiri mpaka tupate mashine yake, kwa sababu zile za protini "ni za protini". Hivi hiyo ni sayansi au mila?

Mimi mtu wa Mbinga, nieleweshe kwa kahawa. Kafeini ina atomi 24 tu, hemoglobini inazo maelfu. Zote ukizipiga eksirei zinatoa nukta, na nukta ndizo zinazokwambia atomi zimekaaje. Wa Mbamba Bay watanielewa: nukta za protini ni dagaa, nyingi, zimebanana. Za molekuli ndogo ni mbasa, chache, nene, ziko mbalimbali. Chombo ni kile kile, mvuvi ndiye abadilike!

Abadilike vipi? Asogeze ditekta karibu na fuwele. Afupishe wimbi: majarida yanataka data ifike kama angstromu 0.84, na kwa wimbi la angstromu 1 lazima ukamate nukta mpaka nyuzi 73, ambako ditekta bapa haifiki. Kwa 0.71 ni nyuzi 50 tu. Apunguze makali ya mwale pia, la sivyo nukta nene zinaizidi ditekta na hesabu inaharibika. Kikwazo cha kweli ni mashine inayozungusha fuwele kwenye mhimili mmoja: fuwele zenye ulinganifu mdogo zinabakiza pengo kwenye data. Sawa, ibandike upya kwa pembe nyingine, piga tena. Tatizo liko wapi?

Afrika mpaka leo haina sinkrotroni hata moja. Hiyo SESAME iliyofunguliwa 2017 iko Jordan. Ukibahatika kupewa saa chache kwenye mashine ya watu, protini zikimaliza zamu utakaa unaangalia ukuta? Seti nzima ya molekuli ndogo ni dakika chache tu pale!

Wakati huo fuwele hazisubiri kikao. Kiyeyushi kikishatoka nyingine zinapasuka, zinabaki unga, na mwanafunzi aliyehenya miezi anaandika tasnifu bila picha ya molekuli yake mwenyewe.

Naomba kutoa hoja. Nakimbia, nina testi asubuhi.