Kitabu cha Sheikh Farsy Ambacho Wengi Hatujakifungua



Ndugu yangu Muislamu, wiki iliyopita baada ya darsa kijana mmoja aliniuliza: "Sheikh, kwani sisi huku Afrika Mashariki tulikuwa na wanavyuoni?" Hakuuliza kwa kejeli. Masheikh wa Misri na Saudia anawajua kwa majina, mawaidha yao yamejaa kwenye simu yake. Wa kwao hamjui hata mmoja.

Swali lile liliniuma, maana jibu lake lipo kwa Kiswahili tangu mwaka 1972. Sheikh Abdullah Saleh Farsy, huyu huyu mwenye tafsiri ya Qur'ani iliyomo majumbani mwetu, aliandika kitabu kiitwacho Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika. Je, wewe umekisoma? Mimi mwenyewe nilikaa nacho miaka kabatini nikikiona ni orodha ya majina ya marehemu tu. Astaghfirullah.

Kifungue. Utamkuta Sayyid Ahmad bin Sumeit, mzaliwa wa Ngazija, aliyekuwa nahodha wa chombo cha biashara kabla hajawa kadhi Unguja. Hebu fikiria, nahodha! Utamkuta na mwenzake, Sheikh Abdalla Bakathir wa Lamu, aliyesomesha Ukutani, Unguja, na akasafiri mpaka Cape Town kwenda kuwapatanisha Waislamu wa huko waliokuwa wamehitilafiana. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Allah awarehemu.

Sikufichi, si kitabu chepesi. Majina ni mengi, nasaba zinapishana, na ukisoma kwa pupa utachoka. Soma mwanachuoni mmoja kwa usiku, baada ya Isha, simu iwe mbali.

Ukikimaliza, tafuta Uwongozi wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, kilichochapwa 1944. Ni makala zake za gazetini. Utadhani anatusema sisi wa leo.

Madukani havipatikani kwa urahisi. Anzia kwenye sanduku la vitabu vya babu, au uliza msikitini kwenu. Ukikipata cha Sheikh Farsy, usinitumie picha ya jalada. Niandikie jina la mwanachuoni mmoja ambaye ulikuwa humjui, na alisoma kwa nani.

Nakala yangu msiniazime kwa sasa, anayo yule kijana.