Uvimbe Umetolewa, Kliniki Isiachwe

Saratani zinazoanzia katika nyama laini za mwili, kama misuli na mafuta, huitwa sakoma, nazo ni chache. Mojawapo, sakoma ya alveola, ilielezwa na madaktari wa Marekani mwaka 1952. Hupenda vijana, mara nyingi kwenye paja. Uvimbe hukua polepole, hauumi, na kijana huendelea na shughuli zake.

Ubaya wake ni kwamba hata baada ya upasuaji mzuri, mbegu zake zaweza kukaa kimya miaka kumi au zaidi, kisha zikajitokeza kwenye mapafu, mifupa au ubongo. Ndiyo maana hatuafiki desturi ya kuhesabu miaka mitano na kumwambia mtu, "Sasa umepona kabisa." Kwa saratani nyingi hesabu hiyo yafaa. Kwa hii haitoshi.

Twajua nauli ya kwenda hospitali ya rufaa si mchezo, na asiyeumwa huona haya kuomba fedha za nyumbani apigwe picha ya kifua. Lakini madoa machache ya mapafuni yakionekana mapema, pengine huweza kukatwa. Aidha, Desemba 2022 Marekani iliidhinisha dawa ya atezolizumabu kwa ugonjwa huu ulioenea.

Kikohozi kisichokwisha au kichwa kinachouma kila siku? Mwelezeni daktari habari za ule uvimbe wa zamani, maana asipoambiwa atafikiria kwanza kifua kikuu. Wazazi, tunzeni karatasi za hospitali, hasa jibu la maabara la kinyama kilichopimwa. Binti akiolewa mkoa mwingine, aende nazo.