Kibao cha kusimama Kizota kirudi, na madereva wakielewe



Nataka kueleza kero ya njia panda yetu hapa Kizota, pale barabara ya vumbi inapotoka mitaani na kukutana na lami ya Singida. Nimeishi hapa tangu nilipoacha usukani. Kabla ya hapo niliendesha malori miaka 26, kwa hiyo ninayoyasema nayajua kwa mikono na miguu.

Njia panda hiyo ilikuwa na kibao chekundu cha pembe nane, kile cha kusimama. Siku moja fuso lililokuwa linarudi nyuma likakigonga. Kikakaa kimeinama kwa muda wa mwezi hivi, na asubuhi moja tukaamka hakipo, nguzo na bati lake. Chuma kikilala chini siku mbili mtaani kwetu, siku ya tatu kimeshafika kwenye mizani ya vyuma chakavu.

Wiki chache baadaye mtoto wa jirani yangu, wa darasa la tatu, aligongwa na bodaboda iliyokuwa inatoka mtaani kuingia lami. Mtoto alikuwa anakatiza mdomo wa barabara hiyo ya vumbi, anaelekea shule. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Nilifika wakati daftari zake bado zimetapakaa chini. Kijana wa bodaboda alikuwa analia, na neno alilokuwa analirudia ni hilo hilo moja: "Mzee, nilipunguza mwendo. Haki ya Mungu nilipunguza."

Naamini alipunguza. Ndiyo maana naandika.

Kupunguza mwendo na kupisha ni kazi ya kibao kingine, kile cha pembetatu kilichogeuzwa kichwa chini. Hicho kinakwambia umpishe aliye kwenye njia kubwa. Ukiona hakuna mtu, unapita bila kusimama. Kibao cha pembe nane hakikuachii hiari hiyo. Magurudumu yanasimama kabisa, nyuma ya mstari mweupe, hata kama ni saa nane usiku na lami ni tupu mpaka Nala. Ukishasimama unatazama kulia, maana sisi tunaoendesha kushoto gari la kwanza kukufikia linatokea kulia. Unatazama kushoto, unarudia kulia. Kama lori lililoegeshwa limekuziba, unasogea polepole mpaka uone, kisha unasimama tena. Na kila chombo kinasimama chenyewe. Aliyesimama mbele yako hakukusimamia wewe. Hapa kwetu wa mbele akipata mwanya, bajaji mbili tatu za nyuma zinaunga tela zikapita naye.

Vijana huniuliza kwa nini sheria iwe ngumu hivyo wakati njia inaonekana nyeupe. Nawajibu kwa macho, si kwa kitabu. Dereva anayeingia lami akiwa bado anatembea, shingo yake yote iko kulia anatafuta lori. Upande wa kushoto hauoni. Yule mtoto alitokea kushoto. Tena kwenye lori, ule mhimili wa pembeni mwa kioo cha mbele unaweza kumficha mtu mzima na baiskeli yake, na kama nyote wawili mnasogea kwa mwendo unaolingana, anabaki amefichika hadi mnapokutana. Niliwahi kukosa kumgonga mama mmoja Manyoni kwa sababu hiyo, na mpaka leo nikikumbuka mikono inaniloa jasho. Ukisimama, aliyefichwa na mhimili anatokeza. Sekunde mbili zinatosha.

Hesabu nyingine ni ya yule aliye kwenye lami. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambacho ndicho kiwango chetu kwenye makazi ya watu, linakula karibu mita 14 kila sekunde. Msimu wa mavuno malori yanapanga foleni kuleta nafaka kwenye maghala ya Kizota, na mengine yanatoka Singida yakiwa yamejaa alizeti. Lori lenye mzigo halishiki breki kama baiskeli. Ukimchomekea dereva wa namna hiyo, umemwachia mambo mawili: akukanyage, au alitupe gari pembeni kwenye meza za mama ntilie.

Wapo wanaosema kibao hakipo, basi kosa halipo. Hilo si kweli. Anayetoka barabara ndogo ndiye anayempisha aliye barabara kuu, kibao kiwepo kisiwepo, na anayetembea kwa miguu ni mtumiaji wa barabara kama wewe. Wapo pia wanaosimama siku trafiki yupo tu. Mimi nimekaa kwenye benchi la genge asubuhi moja, saa moja hadi saa tatu, nikihesabu waliosimamisha magurudumu kabisa kabla ya kuingia lami. Vidole vya mkono mmoja vilinitosha. Najua faini ya bodaboda na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 katika bajeti ya 2021/22, na niliona ni haki, maana hawa ni watoto wetu wanaotafuta riziki. Ila mguu wa mtoto haukupunguziwa bei.

Tena kibao hiki hiki cha pembe nane ndicho kinachosimama pale barabara inapokatiza reli. Mwisho wa Novemba 2023, hapo Manyoni, kwenye barabara yetu hii hii, basi la abiria liligongana na treni na watu zaidi ya kumi wakapoteza maisha. Treni haina pa kukwepea. Dereva akizoea kuteleza bila kusimama kwenye njia panda ya mtaani, mguu wake utateleza vivyo hivyo siku atakapofika relini.

Ombi langu kwa wenye dhamana ya barabara ni hili. Kibao kirudi, na safari hii nguzo iwe ya zege ili isiwe na thamani kwenye mizani. Mstari mweupe upakwe upya kwenye kile kipande cha lami kinachoingia mtaani, maana ndio unaomwonyesha dereva pa kusimama. Na askari wa usalama barabarani waje kwenye vijiwe vya bodaboda jioni moja, bila kitabu cha faini, wachore chini kwa kijiti pembetatu na pembe nane, wawaulize vijana tofauti yake. Mimi niko tayari kuja na viti.

Shimo la ile nguzo bado lipo, mkono wa kushoto ukitokea mtaani. Nimelizungushia mawe lisije likafukiwa.

Dereva mstaafu,
Kizota, Dodoma.