Mali Bila Daftari: Kila Nakala Maktabani Ipewe Nambari Yake

Wazee walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo yajulikana na kila mwanafunzi aliyewahi kuandika insha, na walimu wameisahihisha kwa kalamu nyekundu mara zisizohesabika. Ajabu ni kwamba mahali inapopuuzwa sana ni katika chumba kile kile ambamo vitabu vya methali vimehifadhiwa. Twazungumzia maktaba ndogo za shule katika kaunti za Kisii na Nyamira, na jambo ambalo huonekana dogo hadi siku linapomuumiza mtoto wa mtu: namna ya kuorodhesha nakala nyingi za kitabu kimoja.

Tuchukue mfano. Shule ina nakala 45 za riwaya teule ya Kiswahili. Mwishoni mwa mwaka, watahiniwa wa kidato cha nne hupanga foleni ili wavirudishe vitabu kabla ya kuaga shule. Nakala 44 zarudi, moja haionekani. Katika daftari la maktaba pameandikwa jina la riwaya, idadi 45, na orodha ya majina ya waliopewa. Basi mdaiwa ni nani? Ni yule aliyefika mkono mtupu. Lakini je, ikiwa kitabu chake kilichukuliwa bwenini na mwenzake aliyepoteza chake, na mwenzake huyo ndiye aliyetangulia foleni akakirudisha na kufutiwa deni? Nakala zote 45 zina jalada moja na rangi moja. Mwalimu hana njia ya kujua kwamba aliyefutiwa deni ndiye aliyepoteza, na anayedaiwa ndiye aliyeibiwa. Hapo dhuluma hutendeka bila mtu yeyote kukusudia kudhulumu, na mzazi huuza mkungu wa ndizi ili alipe deni lisilo la mwanawe.

Mambo huwa mabaya zaidi pale deni kama hilo linapogeuzwa kuwa sababu ya kuzuia cheti cha mtihani. Sheria ya Baraza la Mitihani ya Kitaifa ya mwaka 2012 inakataza mtu au taasisi yoyote kumnyima mtahiniwa cheti chake. Hata hivyo, hoja yetu leo si cheti peke yake. Hoja yetu ni kwamba shule isiyoweza kuthibitisha nakala ipi ilikuwa mikononi mwa nani haina haki ya kumdai mtu chochote.

Tiba ya ugonjwa huu inajulikana, wala si ya gharama kubwa. Ni kuitambua kila nakala kama kitu kimoja chenye utambulisho wake. Mapacha huzaliwa na mama mmoja siku moja, na huenda hata jirani akashindwa kuwatofautisha. Lakini kila mmoja hupewa cheti chake cha kuzaliwa, na akishatimu umri, kipande chake. Hakuna karani awezaye kuandika kipande kimoja na kuongeza maneno "watu wawili". Nakala za kitabu ni mapacha. Zina mwandishi mmoja, mchapishaji mmoja na mwaka mmoja wa kuchapishwa, lakini kila moja ina safari yake: hii iko kwa Kerubo, ile iko kwa Ombati, na nyingine imelowa mvua na inangoja kushonwa.

Wakulima wa majani chai wa Nyamira na Kisii hawahitaji kufundishwa somo hili. Kwenye kituo cha kupimia majani, uzito hauandikwi kwa jina tu. Huandikwa kwa nambari ya mkulima, kwa maana akina Moraa na akina Nyaboke ni wengi katika kila kijiji, na jina peke yake lingezua ugomvi siku ya malipo. Kilo zikiandikwa kwa nambari isiyo yake, mkulima hulalamika siku hiyo hiyo. Ikiwa twaona haja ya nambari kwa majani yanayochumwa leo na kukaushwa kesho, twakosaje kuiona kwa kitabu kinachotazamiwa kusomwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi?

Ni vyema kufahamu kwamba kitabu cha maktaba huwa na nambari tatu, na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza ni nambari ya rafu. Wakutubi wengi hutumia mpango uliotungwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, ambao umeitengea fasihi ya Kiswahili nambari 896.392. Nambari hiyo hutueleza kitabu kinakaa wapi. Ya pili ni nambari ya kimataifa ya vitabu, iitwayo ISBN, ambayo hapa Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Tangu mwaka 2007 imekuwa na tarakimu 13, na ya vitabu vingi vya Kenya huanza kwa 978 ikifuatwa na 9966. Hiyo hutueleza ni chapisho gani. Ya tatu ni nambari ya nakala, na hiyo hutolewa na maktaba yenyewe. Ni ya tatu hii tu inayoweza kujibu swali la foleni ya kidato cha nne.

Hapa ndipo wengi walionunua kifaa cha kusomea misimbopau hujikwaa. Wanaona mistari myeusi imekwisha kuchapishwa nyuma ya jalada, wanafurahi kwamba kazi imerahisishwa, na wanaanza kuazimisha vitabu kwa mistari hiyo. Kumbe mistari ile ni ISBN iliyovaa vazi jingine. Ni ile ile katika nakala zote 45, na katika nakala zilizo Mombasa na Kakamega pia. Mashine ikiisoma itasema "riwaya fulani", lakini haitasema "nakala ya kumi na saba".

Kisa cha mistari hiyo chaeleza kwa nini. Wamarekani wawili, Norman Joseph Woodland na Bernard Silver, waliupatia uvumbuzi huo hataza mwaka 1952, na tarehe 26 Juni 1974 pakiti ya chingamu ikawa bidhaa ya kwanza kuuzwa kwa kusomwa msimbo wa namna itumikayo madukani hadi leo, katika duka moja la mji wa Troy, jimbo la Ohio. Mwenye duka hajali ni pakiti ipi ya sukari umechukua, maadamu umelipa. Pakiti ikishatoka mlangoni, yeye na wewe mmemalizana. Maktaba haiuzi. Maktaba huazima, na hutaka kitu kile kile kirudi. Kwa hiyo maktaba haina budi kubandika msimbopau wake yenyewe, usiofanana na mwingine wowote humo ndani.

Katika kuorodhesha, kuna makosa mawili yanayovutana kama kamba. La kwanza ni kuandika rekodi 45 kwa nakala 45. Mwanafunzi akitafuta riwaya hiyo katika tarakilishi hukutana na mistari 45 inayofanana, na kitabu kingine alichokihitaji hufukiwa chini yake. La pili ni kuandika rekodi moja na kuishia hapo, na kuacha nakala zote zikiwa umati usio na majina. Njia iliyo sawa ni ya katikati: rekodi moja yenye jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka na nambari ya rafu, kisha chini yake nakala 45, kila moja ikiwa na nambari yake, siku ilipopokelewa, ilikotoka na hali yake.

Lakini si kila vinavyofanana jina ni nakala za kitu kimoja. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, ikatoka toleo la pili mwaka 2004, na la tatu mwaka 2013. Maktaba yenye matoleo yote matatu haina nakala tatu za kamusi moja. Ina matoleo matatu, na kila toleo lastahili rekodi yake, kwa kuwa mwanafunzi anayetafuta neno lililoingia juzi hatalipata katika kitabu cha 1981. Mwalimu anayepanga vitabu na afungue ukurasa wa hakimiliki kabla ya kuamua, jalada hudanganya.

Kuhusu utendaji, mambo machache yatosha. Nambari ya nakala iwe tupu, yaani isibebe maana ya darasa, mkondo wala mwaka, kwa sababu hayo hubadilika ilhali nambari haipaswi kubadilika. Nambari ya kitabu kilichopotea isipewe kitabu kingine kamwe. Kibandiko kikae nje ya jalada, mahali pamoja katika vitabu vyote, kifunikwe kwa utepe mwangavu ili kisichakae. Nambari hiyo hiyo iandikwe kwa wino ndani ya kitabu, kwenye ukurasa mmoja uliochaguliwa na shule, kwa maana kibandiko hubanduka na wapo watakaokibandua makusudi. Na mwanafunzi anapoazima, nambari ya nakala iandikwe kando ya jina lake, naye aione kwa macho yake mwenyewe.

Tunasikia tayari sauti ya mwalimu aliyepewa maktaba kama mzigo wa ziada juu ya vipindi vyake: "Sina wakati, sina tarakilishi, na umeme hupotea." Malalamiko hayo ni ya haki, nasi hatuyapuuzi. Shule nyingi zetu hazina mkutubi aliyesomea kazi hiyo. Lakini na tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Kinacholeta haki ni nambari. Mistari huleta kasi tu. Shule isiyo na umeme yaweza kuanza leo kwa daftari, rula na kalamu ya wino, na ikapata karibu faida yote. Wanafunzi wawili wa chama cha maktaba wakishughulikia vitabu 100 kila siku ya masomo, vitabu 3,000 vitakwisha kwa siku 30, yaani majuma sita. Siku tarakilishi itakapokuja, nambari zile zile zitageuzwa kuwa mistari bila kazi kurudiwa.

Nayo shule iliyo na tarakilishi haina sababu ya kuogopa bei ya programu. Ipo iitwayo Koha, iliyobuniwa New Zealand mwaka 1999 kwa ajili ya maktaba za wilaya ya Horowhenua, na hutolewa bure kwa yeyote. Jina lenyewe ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Hata pasipo programu hiyo, visomaji vingi vya misimbopau hufanya kazi kama kibodi: husoma mistari na kuandika tarakimu mahali kielekezi kilipo, hata katika jedwali la kawaida. Lakini shule inayonunua kifaa kabla ya kuwa na nambari imenunua kengele kabla ya kumpata ng'ombe.

Faida nyingine ni ya kimali. Serikali ilianza mwaka 2018 kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni, kwa lengo la kila mwanafunzi kupata kitabu chake. Pia vitabu teule hubadilishwa: Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora kilipisha Chozi la Heri cha Assumpta Matei, nacho kikapisha Nguu za Jadi cha Clara Momanyi. Kila badiliko huacha nyuma marundo ya nakala. Riwaya njema haifi kwa kuondolewa katika mtihani. Nakala chache zibaki rafuni kwa wasomaji wapendao kusoma, na nyingine zipelekwe kwa shule za kutwa zisizo na chochote. Mwalimu mkuu hawezi kufanya uamuzi huo ikiwa hajui ana nakala ngapi, zipi nzima na zipi zilizochanika.

Serikali za kaunti nazo hazina pa kujificha. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Kaunti za Kisii na Nyamira zilikuwa wilaya moja zamani, na watoto wao huvuka mpaka kila siku kwenda shule. Yafaa zikubaliane juu ya mpango mmoja wa nambari, ambapo kila maktaba hutanguliza tarakimu zake maalumu, ili nakala ya Keroka isije ikagongana na ya Ogembo siku orodha zitakapounganishwa. Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2013, kina wanafunzi ambao likizo moja ya kazi hii ingewafunza mengi na kuzisaidia shule nyingi.

Mhindi S. R. Ranganathan aliweka kanuni tano za ukutubi mwaka 1931, na ya kwanza yasema kwamba vitabu ni vya kutumiwa. Wapo walimu ambao, kwa kuogopa hasara, hufungia vitabu kabatini na kutembea na ufunguo mfukoni. Hatuwalaumu kabisa, kwa kuwa asiye na hesabu lazima awe na kufuli. Lakini kitabu kilichofungiwa kimepotea sawasawa na kile kilichoibwa. Nambari ndiyo itakayomwezesha mwalimu kufungua kabati bila hofu.

Kwa hiyo twawasihi walimu wakuu: kabla ya muhula ujao kuanza, kila nakala ipewe nambari yake. Na twawaambia wanafunzi: unapokabidhiwa kitabu, soma nambari iliyomo, iandike katika daftari lako, na ukirudisha hakikisha imefutwa mbele ya jina lako. Ikiwa kitabu hakina nambari, omba kiandikwe kabla hujaondoka nacho. Kufanya hivyo si utovu wa adabu. Ni kumsaidia mwalimu wako asije akakudhulumu bila kujua.