UCHAMBUZI: Mgeni apandapo milima ya kaskazini, mwenyeji apone

Kwa miaka mingi, Mkenya aliyetaka kupanda mlima alielekea Mlima Kenya, Longonot au safu ya Aberdare. Hali hiyo imebadilika. Tangu janga la Covid-19 lilipowafungia watu mijini mnamo 2020, makundi ya wapanda milima yamechipuka kama uyoga jijini Nairobi na kwingineko, na baadhi yake sasa yameelekeza macho kaskazini mwa nchi: Ololokwe, safu ya Mathews, Ndoto, Nyiru na Kulal.

Barabara imechangia pakubwa. Takriban kilomita 500 kutoka Isiolo hadi Moyale, ambazo zamani zilikuwa safari ya mchana na usiku juu ya lori la ng'ombe, zilikamilika kutiwa lami katikati ya miaka ya 2010. Anayeondoka Nairobi alfajiri anaweza kuwa chini ya mwamba wa Ololokwe kabla ya jua kutua.

Swali ambalo halijajibiwa ni hili: ugeni huu utamfaidi nani, na ni nani atakayebeba gharama yake?

Ili kulijibu, ni sharti kwanza kuelewa milima yenyewe. Hii ni visiwa katika bahari ya mchanga na mawe. Ziwa Turkana liko mita 360 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali kilele cha Kulal, kilicho mashariki mwake, kinapita mita 2,200. Upande wa pili wa mlima huo limetandaa jangwa la Chalbi. Mgeni huanza kupanda katika joto linalozidi nyuzi 35, kisha usiku hujikunyata hemani kwa baridi, ukungu ukitiririka kwenye miti. Safu ya Mathews nayo ina msitu unaohifadhi aina ya mimea na tumbili ambao hutarajii kuwakuta karibu na jangwa.

Ukungu huo ndio uhai wa wenyeji. Chemchemi za milimani hunywesha mifugo ya Wasamburu, Warendille, Waturkana na Wagabra nyanda za chini zinapokauka. Katika ukame wa kati ya 2020 na 2023, mvua ilipokosekana kwa misimu mitano mfululizo, malisho ya milimani yalikuwa kimbilio la mwisho la wafugaji wengi. Mlima wa Nyiru, kwa Wasamburu, ni zaidi ya malisho; ni mahali patakatifu pa kuombea.

Kwa hivyo, uwanda ulio kando ya chemchemi, ambao mtalii huuona mtupu na unaofaa kwa hema, si mtupu hata kidogo. Anayekesha hapo akiimba na kuwasha moto huenda amewafungia njia ng'ombe waliotembea siku mbili kutafuta maji.

Tupige hesabu ndogo. Mtu anayetembea katika joto hilo, akinywa na kupika, huhitaji angalau lita tano za maji kwa siku. Kundi la watu 30 kwa siku tatu litahitaji lita 450, yaani mitungi 23 ya lita 20. Ikiwa kundi halikuyabeba, litayateka kutoka chemchemi ile ile ambayo mama wa Ngurunit au South Horr anaitegemea kwa watoto na mbuzi wake. Makundi manne wikendi moja ya kiangazi yanaweza kuzua uhasama ambao hakuna aliyeukusudia.

Suala la pili ni usalama wa wageni wenyewe. Laga, yaani mto mkavu wenye mchanga laini, huvutia kwa kambi. Lakini mvua inaweza kunyesha kilomita nyingi juu mlimani, mbingu zikiwa nyeupe pale ulipo, na maji yakafika kwa ngurumo bila onyo. Wakenya wanayo mifano. Mnamo Aprili 2012, vijana saba wa kanisa walikufa maji katika korongo la Hell's Gate, Naivasha, na Septemba 2019 mafuriko yakaua watalii tena papo hapo. Hilo ni eneo lenye askari wa wanyamapori na lililo karibu na mji. Je, ingekuwaje kwenye makorongo ya Kulal, ambako simu hukosa mtandao na hospitali kubwa iko mwendo wa saa nyingi?

Kadhalika, hatuwezi kujifanya hatujui historia ya eneo hili. Novemba 2012, zaidi ya maafisa 40 wa polisi waliuawa katika bonde la Suguta karibu na Baragoi. Mnamo Februari 2023, serikali ilituma wanajeshi katika kaunti kadhaa, Samburu ikiwemo, kupambana na wezi wa mifugo. Si kila kijiji ni cha hatari, na wageni wengi huenda na kurudi salama. Lakini anayejua njia ipi ni shwari wiki hii ni mchungaji wa hapo, si mtu aliye Nairobi mwenye ramani ya simu.

Hapo ndipo hoja ya faida inapoingia. Ada ikilipwa Nairobi, chakula kikanunuliwa Nairobi na gari likakodishwa Nairobi, kinachobaki chini ya mlima ni ujira wa mpagazi na takataka za plastiki. Mwongozaji wa kienyeji, ambaye ndiye bima ya maisha ya kundi zima, huachwa kujadili malipo yake asubuhi ya safari, akiwa hana nguvu ya kukataa.

Wakazi wa kaskazini wameyaona haya katika miradi mikubwa zaidi. Mitambo 365 ya umeme wa upepo iliyo kusini mwa Kulal ilizinduliwa rasmi mwaka wa 2019, lakini Oktoba 2021 mahakama mjini Meru ilisema hati za ardhi hiyo ya ekari 150,000 zilitolewa bila kufuata sheria. Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba hifadhi mbili za wanyamapori katika Kaunti ya Isiolo zilianzishwa kinyume cha sheria. Malalamiko ya wakazi katika kesi zote mbili yalifanana: hawakushirikishwa ipasavyo.

Sheria ya kuzuia kosa hilo kwenye milima ipo. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka mkataba wa uwekezaji katika ardhi hiyo uidhinishwe na thuluthi mbili ya mkutano wa jamii. Misitu ya Mathews, Ndoto na Nyiru iko chini ya serikali, lakini sheria ya misitu ya mwaka huo huo inaruhusu vyama vya jamii kushiriki katika usimamizi wake. Kinachokosekana ni utekelezaji.

Wapo watakaodai kwamba ada na masharti yatawafukuza wageni. Hoja hiyo haina mashiko. Mlima Kenya una ada, lango na kitabu cha kujiandikisha, na watu hawajaacha kuupanda. Mgeni hukimbia vurugu na kutozwa mara tatu na watu watatu tofauti. Hakimbii ada moja yenye risiti.

Kaunti za Samburu na Marsabit, kwa ushirikiano na jamii na Huduma ya Misitu, hazina budi kuanza na mambo machache. Kila kundi lijiandikishe kabla ya kupanda na lieleze siku ya kurudi. Waongozaji wa kienyeji wapewe mafunzo ya huduma ya kwanza na viwango vya malipo vinavyojulikana. Wazee waamue ni chemchemi zipi na vilele vipi visivyoguswa, na ni miezi gani milima iachiwe mifugo. Makundi nayo yabebe maji yao na kurudi na taka zao.

Gharama ya hatua hizi ni ndogo mno kuliko ya kesi ya miaka kumi au ya kutafuta maiti ndani ya laga. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kaskazini, mgeni ameshafika. Mwenyeji angali anasubiri kupona.